Maswali ya wasomaji: Uso umejaa, mapaja yamekwisha

Toleo lililopita tulieleza jinsi dawa za steroidi zinavyotuliza pumu, lupasi (ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe) na magonjwa ya ngozi. Barua zilizofuata, kwa maneno tofauti, zimeuliza jambo moja: misuli inakwenda wapi? Tumezijibu hapa zile zinazowagusa wengi.

Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 58, anatibiwa pemfigasi, ule ugonjwa wa malengelenge ya ngozi. Ni mwezi wa tatu sasa anameza prednisoloni miligramu 40 kila asubuhi. Ngozi imepona vizuri, lakini akichuchumaa chooni hawezi kuinuka bila kushika ukuta. Hasikii maumivu yoyote. Walimpima CK, kile kipimo cha damu cha misuli, majibu yakatoka safi. Je, ni uzee tu? (Binti, Tabora)

Marahaba, binti. Miezi mitatu haimzeeshi mtu mapaja. Unachokieleza ndiyo sura kamili ya udhaifu wa misuli uletwao na steroidi: unakuja taratibu, hauumi, na unaanzia mapajani, nyongani na mabegani.

Prednisoloni hufanya kazi ya kotisoli, homoni inayotolewa na tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Kotisoli ambayo mwili wa mtu mzima hutoa kwa siku ni karibu sawa na prednisoloni miligramu 3 hadi 5. Mama anapata mara nane ya hapo au zaidi, kila siku. Na kwa misuli, kotisoli ni amri ya kutoa akiba. Mtu akikaa na njaa au akipatwa na homa kali, ubongo na viungo vingine vinahitaji sukari, na ghala kubwa la kuitengenezea ni protini ya misuli. Homoni huingia ndani ya seli ya msuli, ikashikana na kipokezi chake, vikaingia pamoja kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni kadhaa. Mbili zinazojulikana sana, atrojini-1 na MuRF1, zilitambuliwa mwaka 2001. Protini zinazotokana na jeni hizo kazi yake ni kutia alama: hubandika kijiprotini kiitwacho ubikwitini juu ya protini inayotakiwa kuvunjwa. Yenye alama inaingizwa kwenye proteasomu, chombo chenye umbo la pipa ambacho ndani yake kuna vimeng'enya vya kukata. Inatoka vipande vipande, na mwisho wake ni asidi amino, yaani matofali yanayojenga protini. Alanini na glutamini ndizo zinazotoka kwa wingi kwenda kwenye damu, na ini linaichukua alanini kutengenezea sukari. Hiyo ni moja ya sababu wanaotumia prednisoloni hupandwa na sukari.

Huo ni upande wa kubomoa. Upande wa kujenga nao unabanwa, kwa sababu steroidi hufifisha amri ya insulini na ya IGF-1, homoni nyingine inayosaidia ukuaji, ambazo kwa kawaida huhimiza ujenzi na kuzizuia zile jeni mbili zisiwake. Kwa hiyo msuli unabomolewa kwa kasi huku fundi amepunguziwa kazi.

Nyuzi zinazoumia zaidi ni za kasi, zile za kunyanyukia na kurukia. Nyuzi za subira, zinazotumika kusimama au kutembea taratibu, huhimili vizuri zaidi. Ndiyo maana mama anaweza kutembea hadi sokoni na mkono wake ukashika kisu sawasawa, lakini chooni akakwama. Wengine huona kwanza kwenye ngazi ya daladala, kwenye kujitwisha ndoo, au mikono inapochoka ikiwa juu wakati wa kusuka nywele.

Kuhusu kipimo: CK hupanda pale ukuta wa seli ya msuli unapopasuka na vilivyomo kuvuja. Hapa ukuta ni mzima. Seli inapunguza vitu vyake vya ndani kwa utaratibu, kwa hiyo majibu safi hayaondoi shaka hii, yanaiunga mkono. CK ingekuwa juu, au misuli ingekuwa inauma, tungetafuta kisababishi kingine. Mwombeni daktari apime pia potasiamu na homoni za tezi ya shingo, maana zote mbili zinaweza kulegeza misuli na zina tiba yake.

Nyumbani, mpimeni hivi. Tafuteni kiti kigumu kisicho na mikono, kimo cha sentimita 45 hivi, kiegemee ukuta. Akae, akunje mikono kifuani, asimame wima na kukaa mara tano mfululizo kwa kasi anayoiweza. Ikizidi sekunde 15, au akishindwa kumaliza, nguvu za miguu zimepungua. Andikeni sekunde kila wiki, siku ileile. Kosa la kawaida ni kutumia kochi laini, au mgonjwa kujisukuma kwa viganja bila kujua. Hapo namba inadanganya.

La muhimu kuliko yote: asiache dawa ghafla. Ukitumia dozi kama hiyo zaidi ya wiki tatu, tezi za juu ya figo zinasinzia. Dawa ikikatika siku moja, mwili unabaki bila kotisoli kabisa: kutapika, presha kushuka, kuzimia, na mtu anaweza kufa. Anayetakiwa kupunguza ni daktari wake, kwa hatua, na mara nyingi huongeza dawa nyingine ya kutuliza kinga, kama azathioprini, ili steroidi ishuke bila malengelenge kurudi. Udhaifu huu ni nadra mtu akiwa chini ya miligramu 10 kwa siku. Dozi ikishuka nguvu hurudi, ila si kwa haraka: wengine wiki chache, wengine miezi mingi.

Mtaani kwetu vinauzwa vidonge vya kunenepesha, vingine havina hata pakiti. Nimeambiwa ni "deksa". Nameza viwili asubuhi, viwili mchana, viwili usiku, na kwa miezi miwili nimeongezeka kilo sita. Mashavu yamejaa, watu wananisifu. Lakini miguu naona imekuwa myembamba na magoti yanalegea kwenye ngazi. Inakuwaje mtu anenepe na kukonda kwa wakati mmoja? (Dada, Temeke)

Dada, macho yako yameona sawasawa, na tunafurahi umeandika kabla mambo hayajaharibika zaidi. Kama ni deksamethasoni ya nusu miligramu, vidonge sita ni miligramu 3 kwa siku. Deksamethasoni miligramu 0.75 ina nguvu ya prednisoloni miligramu 5, kwa hiyo unameza sawa na prednisoloni 20 kila siku, bila ugonjwa wa kutibu.

Inakuwaje? Steroidi inaongeza hamu ya kula na kuhamishia mafuta usoni, shingoni na tumboni. Wakati huohuo inatoa protini miguuni na mikononi. Mizani haijui tofauti ya mafuta na msuli. Chukua mfano: mtu akiongeza kilo nane za mafuta na kupoteza kilo mbili za misuli, mizani itasoma "sita" na shangazi atasema umependeza.

Tukupe hesabu inayotumika hospitali. Protini ikivunjwa, naitrojeni yake hutoka kwenye mkojo. Gramu 1 ya naitrojeni ni gramu 6.25 za protini. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya msuli ni maji, hiyo ni kama gramu 30 za nyama ya mwili wako. Mgonjwa anayepoteza gramu 5 za naitrojeni kwa siku zaidi ya anazokula anapoteza gramu 150 za msuli, siku moja. Si kila anayemeza deksa hufika huko, lakini ndivyo msuli unavyoweza kwisha bila mtu kusikia chochote.

Na deksamethasoni ni mbaya kwa misuli kuliko prednisoloni, kwa sababu mbili. Ni ya kundi lenye florini, pamoja na triamsinoloni, kundi linalojulikana kudhoofisha misuli haraka zaidi. Pia haitoki upesi: kazi yake hudumu saa 36 hadi 54, wakati prednisoloni ni saa 12 hadi 36. Kotisoli ya asili hupanda alfajiri na kushuka usiku, na ule usiku ndio mwanya wa msuli kupumua. Ukimeza deksa mara tatu kwa siku, mwanya huo umeufunga.

Cha kufanya: usiviache leo na usiendelee kununua. Beba vidonge vyenyewe, uende hospitali, useme ukweli wote wa dozi na muda. Huko watapima presha, sukari na potasiamu, na pengine kotisoli ya asubuhi kuona kama tezi zako zinafanya kazi. Kwa kawaida mtu huhamishiwa dawa ya muda mfupi zaidi kisha hupunguziwa hatua kwa hatua. Njiani ukipata kutapika mfululizo, kizunguzungu ukisimama, au usingizi usio wa kawaida, hiyo ni dharura; mwambie yeyote atakayekupokea kwamba ulikuwa unatumia steroidi.

Kama unapaka pia mkorogo, utaje. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zimetiwa steroidi kama klobetasoli au betamethasoni, na zikipakwa mwili mzima kila siku zinaingia kwenye damu na kufanya haya haya.

Nina pumu, natumia pampu yenye flutikasoni kwa miaka. Mwaka huu nimebadilishiwa dawa za ARV, sasa natumia zenye ritonavi. Baada ya miezi minne uso umevimba, nyonga hazina nguvu. Pampu ni dozi ndogo, au siyo? (Msomaji, Kisumu)

Flutikasoni nayo ni steroidi. Dozi ni ndogo, lakini tundu la kutokea limezibwa. Flutikasoni inayomezwa kidogo kidogo kutoka kooni, na ile inayopita mapafuni, huharibiwa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP3A4. Ritonavi inakifunga kimeng'enya hicho. Dawa iliyokuwa inaondoka inajikusanya, na mwili unaona steroidi nyingi kana kwamba unameza vidonge. Hali hiyohiyo inaweza kutokea kwa budesonidi, na hata kwa sindano moja ya triamsinoloni gotini au begani.

Wahi kliniki wiki hii ukiwa na pampu na dawa zote mkononi. Kuna njia mbili za kawaida: kubadilisha pampu iwe ya beklomethasoni, ambayo haigusani sana na ritonavi, au kubadilisha ARV. Usiache yoyote mwenyewe. Ukiacha ARV virusi vinarudi; ukiacha pampu ghafla unaweza kubanwa na pumu huku tezi zimelala.

Kinyume chake nacho kipo: rifampisini ya kifua kikuu inaamsha kimeng'enya hichohicho na kupunguza nguvu ya prednisoloni mwilini. Anayetumia zote mbili asishangae daktari akiongeza dozi.

Mimi ni mwanafunzi wa sayansi za tiba. Tunajuaje kwamba protini inayovunjwa ni ya misuli na si ya utumbo au ini? (Mwanafunzi, Morogoro)

Swali zuri, na jibu lake ni la kupendeza. Ndani ya aktini na mayosini, protini za kukunjia msuli, baadhi ya histidini, moja ya asidi amino, hupachikwa kikundi kidogo cha atomu kiitwacho methili baada ya protini kukamilika. Inaitwa 3-methilihistidini. Protini ikivunjwa, histidini hii haiwezi kutumika tena kujenga protini mpya, kwa sababu haina nafasi kwenye mpango wa jeni. Inatoka kwenye mkojo. Ukikusanya mkojo wa saa 24, unasoma kiasi cha nyuzi zilizovunjwa.

Mtego uko kwenye sahani. Nyama na samaki nazo zina 3-methilihistidini, kwa hiyo mshiriki asile nyama wala samaki kwa siku tatu hivi kabla na wakati wa kukusanya. Mkojo wa mara moja tu ukimwagwa, namba imeharibika. Pima kreatinini (taka ya misuli inayotoka kwenye mkojo) ya chupa hiyohiyo uone kama mkusanyo umekamilika. Kumbuka pia kwamba utumbo una aktini na huchangia kiasi.

Njia ya pili ni kupima fenilalanini, asidi amino nyingine, kwenye ateri na vena ya paja, ukiwa umemwekea mtu fenilalanini yenye atomu nzito kwenye damu. Msuli hauitengenezi fenilalanini wala hauiunguzi, kwa hiyo inayotoka inatokana na protini kuvunjwa, na inayoingia isitoke imejenga. Hapo unaona ujenzi na ubomoaji kila mmoja kwa namba yake, jambo ambalo mkojo hauwezi kukuonyesha.

Tahadhari moja unaposoma tafiti za panya: panya mdogo anakua, na misuli yake hugeuza protini haraka kuliko ya mtu mzima. Deksamethasoni inaweza kumkondesha panya kwa siku chache kwa kasi usiyoiona kwa binadamu. Usihamishe namba, hamisha njia ya kazi.

Kama kotisoli inabomoa, basi testosteroni inajenga. Kwa nini nisidunge kidogo tu kusaidia mazoezi? Jamaa wa jimu wanasema ni homoni ya asili. (Kijana, Mombasa)

Kwamba inajenga, ni kweli, na hatutakudanganya. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1996 liliwapa wanaume testosteroni enanthati miligramu 600 kwa wiki, kwa wiki 10. Waliodungwa bila mazoezi waliongeza wastani wa kilo 3.2 za mwili usio mafuta. Waliodungwa wakafanya mazoezi, kilo 6.1, waliofanya mazoezi na sindano isiyo na dawa, kilo 1.9. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kuongeza ujenzi, na kuziwezesha asidi amino zilizotoka kwenye protini iliyovunjwa zitumike tena ndani ya msuli uleule kabla hazijatoka kwenda kwenye damu. Pia hupunguza makali ya kotisoli.

Lakini angalia dozi: miligramu 600 kwa wiki ni mara kadhaa ya anayotibiwa mtu mwenye upungufu, na ilikuwa wiki 10 chini ya uangalizi. Homoni ya nje ikijaa, ubongo unaacha kuziamrisha korodani. Zinasinyaa, mbegu zinapungua hata kufikia sifuri, na baada ya kuacha inaweza kuchukua miezi mingi kurudi. Damu inakuwa nzito, kolesteroli nzuri inashuka. Vidonge vya kundi hili huumiza ini. Na kile unachouziwa jimu hujui ndani kuna nini. Kijana mwenye homoni zake kamili ana zile kilo za mazoezi matupu, ambazo hazimgharimu uwezo wa kupata mtoto baadaye. Usidunge.

Kwa wanamichezo wa mashindano: steroidi za kujenga misuli, testosteroni ikiwamo, zimepigwa marufuku wakati wote na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni. Zile za kundi la kotisoli zimepigwa marufuku wakati wa mashindano zikimezwa, na tangu Januari 2022 sindano zake zote pia, hata ya gotini. Mweleze daktari kabla hajavuta sindano.

Funga ya Ramadhani inakula misuli? (Msomaji, Zanzibar)

Kwa mtu mzima mwenye afya anayefuturu na kula daku, hapana, si kwa kiasi cha kutia hofu. Mchana insulini inashuka, ubomoaji unapanda kidogo, usiku chakula kinarudisha. Weka protini kwenye milo yote miwili. Futari ya viazi na vitumbua peke yake haitoshi. Anayemeza prednisoloni kila siku azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama, hasa kama ameambiwa tezi zake zimelala.

Nina lupasi, niko kwenye prednisoloni 20 na daktari anasema haiwezi kushuka kwa sasa. Naweza kufanya nini mwenyewe kuokoa misuli? Natembea nusu saa kila jioni lakini mapaja hayaachi kupungua. (Mama wa watoto wawili, Mwanza)

Endelea kutembea, mama, ila kutembea hakugusi vya kutosha zile nyuzi za kasi zinazokwisha. Zinahitaji uzito. Wagonjwa waliopandikizwa moyo, ambao nao humeza prednisoloni, walirudisha misuli yao kwa mazoezi ya uzito wakiwa bado kwenye dawa. Msuli unaovutwa kwa nguvu hutoa amri yake ya kujenga, na amri hiyo inashindana na ya homoni.

Anza hivi, siku tatu kwa wiki, siku moja ya mapumziko katikati. Kusimama na kukaa kitini, mikono kifuani, mara 8 hadi 10. Pumzika dakika mbili. Rudia hadi seti tatu. Shuka polepole, hesabu hadi tatu, maana watu wengi hujitupa kitini na nusu ya zoezi inapotea. Kisha panda na kushuka kidaraja kimoja, mara 8 kila mguu. Kwa mabega, chupa ya maji ya lita moja kila mkono, inua hadi usawa wa sikio. Ukiona mara 10 zimekuwa rahisi, vaa begi lenye mchanga kilo 2, na uongeze kilo moja moja. Pumua nje unapoinuka. Ukibana pumzi presha inaruka.

Chakula: kama figo zako ni nzima, lenga gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 ni gramu 72. Yai moja ni kama gramu 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, na dagaa wakavu gramu 30 ni karibu 18. Wewe uko Mwanza, dagaa wako karibu. Gawa kwenye milo mitatu badala ya kula zote usiku. Lakini lupasi hupenda kushika figo: kama mkojo wako una protini au kreatinini imepanda, usiongeze chochote hadi daktari akupe kiwango chako.

Prednisoloni hulegeza mifupa pia, kwa hiyo usiinue ndoo kutoka chini ukiwa umekunja mgongo; piga magoti kwanza. Na ukianza kusikia maumivu ndani kabisa ya kinena, yanayozidi ukikanyaga mguu mmoja, simamisha mazoezi ukapigwe picha ya nyonga. Msuli unaokwisha kwa steroidi hauumi. Maumivu ya pale yanaweza kuwa kichwa cha mfupa wa paja kinakosa damu, na hicho kikiwahiwa kinaweza kuokolewa.